Mapacha walioungana tumboni: hospitali ndogo ifanye nini kabla ya upasuaji?

Sista_Butere

Hamjambo wakubwa wa kazi. Naandaa somo la nusu siku kwa wauguzi na maafisa wa kliniki wa wodi za watoto wachanga huku Butere, Mumias na Khwisero. Mada ni mapacha walioungana, hasa wanaoungana kuanzia chini ya kidari hadi kitovuni. Maandishi mengi niliyopata yanaanzia thieta ya hospitali kubwa, kana kwamba watoto hawa huzaliwa juu ya meza ya upasuaji. Sisi tunaweza kuwapokea usiku wa manane, na picha ya mimba ama haikupigwa ama ilisoma "mapacha" basi.

Naomba msaada kwa haya. Saa sita za kwanza tufanye nini, na tusifanye nini? Dawa na maziwa tupime kwa uzito gani, maana mizani inatoa namba moja ya watu wawili? Ni kipimo kipi kinachoamua kama watatenganishwa au la? Na mbona wakubwa wa Eldoret na Nairobi wakipokea watoto wenye nguvu bado hungoja miezi? Jamaa wakiuliza hilo tunakosa jibu, na wao huanza kusema hospitali inangoja pesa.

Daktari_Ziwani

Sista, naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu likieleweka hayo mengine yanajipanga yenyewe.

Mapacha hawa ni wa yai moja lililochelewa kugawanyika, baada ya siku ya 13 hivi tangu kutungwa. Wanashiriki kondo moja na mfuko mmoja wa maji, na wengi wao ni wa kike. Hesabu nyingi huwaweka kati ya uzazi 1 kwa 50,000 na 1 kwa 200,000, na sehemu kubwa huzaliwa wakiwa wamekufa au hufariki siku ya kwanza. Majina yao hufuata mahali walipoungana: kifuani ni torakopagasi, tumboni omfalopagasi, matakoni pigopagasi, nyongani iskiopagasi, kichwani kraniopagasi. Kifua na tumbo mara nyingi huja pamoja, na hapo ndipo mtu hukosea kwa kuamini ngozi ya nje.

Kinachoamua ni moyo. Watu huogopa ini kwa kuwa ni kubwa kwenye picha na limejaa damu, lakini ini hukatwa na kinachobaki hukua. Mioyo miwili iliyo ndani ya mfuko mmoja wa moyo hutenganishwa. Mioyo iliyoshikana kwenye ventrikali, yaani chemba za chini zinazosukuma damu, ni habari nyingine: hakuna njia ya kutegemewa ya kuigawanya ukabaki na watoto wawili hai. Ndiyo maana neno "watatenganishwa" lisitoke kinywani mwa mtu yeyote wodini kabla eko ya moyo (ultrasaundi ya moyo) haijafanywa na mtaalamu wa moyo wa watoto. Likishatoka halirudi.

Kinachochelewesha ni ngozi. Chukua daraja la kuungana lenye mzunguko wa sentimita 30. Ukilikata, kila mtoto anabaki na uwazi wa duara wenye upana wa karibu sentimita 9 na nusu, na mtoto wa kilo mbili na nusu hana ngozi ya kufunika hapo. Ukivuta kingo kwa nguvu hadi zikutane, tumbo linakaza, kiwambo (msuli wa kupumulia kati ya kifua na tumbo) kinasukumwa juu, mapafu hayajai, figo zinakosa damu na mkojo unakauka. Mtoto aliyetoka thieta akiwa salama anaanza kuzorota usiku huohuo kwa sababu ya mshono ambao kwa macho ni mzuri kabisa.

Kwa hivyo tunangoja, kwa kawaida miezi 3 hadi 6, wengine hadi mwaka. Watoto wanaongeza uzito na damu, na kuna nafasi ya kuweka vifuko vya silikoni chini ya ngozi. Kila wiki vinadungwa maji ya chumvi kidogo kidogo, kwa wiki 6 hadi 8, ngozi itanuke kama tumbo la mjamzito. Navyo vina adabu yake. Kifuko kikae juu ya mbavu, kwa sababu kikiwekwa juu ya tumbo laini kinabonyea ndani badala ya kusukuma ngozi nje. Kikishika usaha kinatolewa, hakuna kubembeleza kwa antibayotiki, na kazi ya wiki sita imeenda na maji.

Wanaotenganishwa kwa dharura siku za kwanza hufariki wengi kuliko wanaopona. Waliongojwa na kupangiwa, wengi hupona. Dharura za kweli ni chache: mmoja amekufa au yuko mbioni kufa, kifuko cha matumbo kitovuni kimepasuka, utumbo umeziba, au moyo mbovu wa mmoja unamlemea mwenzake. Chang na Eng Bunker, waliozaliwa Siam mwaka 1811, walishikana kwa daraja dogo tu lenye kipande cha ini ndani. Januari 1874 Chang alifariki usiku na Eng akafuata saa chache baadaye. Madaktari walibishana kuhusu sababu, ila hatari yenyewe inajulikana: damu ya aliye hai inaendelea kuingia kwa aliyekufa, ambaye hana moyo wa kuirudisha. Mmoja akifa mikononi mwenu, hesabu ni ya saa, si ya siku.

Na kwa jamaa wanaosema ni pesa, wapeni mfano wa nyumbani. Mapacha wa Meru waliozaliwa mwaka 2014 wakiwa wameungana chini ya mgongo walitenganishwa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta Novemba 2016, upasuaji wa saa 23. Walikuwa na umri wa miaka miwili.

Nasari_Kakamega

Daktari amesema ya mbali, acha niseme ya usiku huo.

Msikate chochote zaidi ya kitovu. Hata daraja likiwa jembamba kama kidole, msilifunge uzi mkidhani ni ngozi tupu; ndani kunaweza kuwa na ini au utumbo. Kabla ya kukata kitovu hesabuni mishipa, maana mara nyingi inazidi ile mitatu ya kawaida, na muandike. Acheni kisiki cha sentimita 4 au 5, kwa sababu mshipa wa hapo unaweza kuwa ndio njia pekee ya dripu.

Joto liwe nyuzi 36.5 hadi 37.5. Inkubeta nyingi zetu haziwatoshi wawili wanaotazamana, kwa hivyo tumieni meza ya joto iliyo wazi, kofia mbili, soksi, na plastiki safi juu. Walazeni ubavu. Wa chini anabanwa kifua na sikio lake huanza kidonda, basi wageuzeni kila saa 3 pamoja na zamu ya maziwa ili isisahaulike. Wakati wa kugeuza mikono iwe minne, na taulo iliyokunjwa ikae chini ya daraja ili uzito wa mmoja usiivute ngozi ya mwingine. Daraja likivutwa huchanika pembeni, na mchaniko huo ndio mlango wa vijidudu.

Oksimita, kifaa cha kupima oksijeni ya damu kwenye ngozi, ziwe mbili. Moja ikisoma 94 kwa huyu haikuambii chochote kuhusu yule. Wakiwa kwenye oksijeni, lengo ni 90 hadi 95.

Uzito: pimeni pamoja, gawanyeni kwa mbili, isipokuwa mmoja ni mdogo wazi wazi. Mfano wa kilo 4.8, kila mmoja anahesabiwa 2.4. Vitamini K miligramu 1 kwa kila mmoja. Siku ya kwanza mililita 60 kwa kilo, yaani 144 kwa kila mtoto: hiyo ni dripu ya dekstrosi 10% kwa mililita 6 kwa saa, au maziwa ya mama mililita 18 kila saa 3 kwa mrija wa tumboni. Siku zinazofuata mnapanda polepole kuelekea 150 kwa kilo, mkiangalia tumbo na matapishi. Matapishi ya kijani kwa yeyote kati yao, simamisheni maziwa kwa wote wawili, kwa kuwa utumbo wa juu unaweza kuwa wa pamoja. Sukari ipimwe kwa kila mmoja. Ikiwa chini ya milimoli 2.5 kwa lita, mpeni huyo dekstrosi 10% mililita 2 kwa kilo, karibu mililita 5.

Kama kuna kifuko cha matumbo kitovuni, kifunikeni kwa gozi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu, halafu plastiki juu ili joto lisipotee. Msizungushe bandeji ikabana. Hapo antibayotiki zinaanza bila kungoja: penisilini yuniti 50,000 kwa kilo kila saa 12, ambazo kwa mfano wetu ni 120,000, na jentamisini miligramu 5 kwa kilo mara moja kwa siku, yaani 12. Kila mtoto dozi yake.

Faili ni mbili, taarifa za kuzaliwa ni mbili, majina ni mawili. Nimeona hili likidharauliwa kama karatasi tu, lakini mtoto asiye na taarifa yake ya kuzaliwa atasumbua kusajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali, na wodini dozi zinaandikwa kwenye faili moja hadi hakuna ajuaye nani alipewa nini. Tangu saa ya kwanza fungeni utepe mwekundu mguuni kwa mmoja na wa buluu kwa mwingine, na rangi hizo zisibadilike hadi Nairobi.

Simu nazo zibaki mfukoni. Picha hufika WhatsApp ya kijiji kabla mama hajaamka.

Nyando_CO

Swali dogo. Ikiwa damu inapita kati yao, si mtu anaweza kuweka dripu moja na kumpa mmoja dozi ya wote wawili? Kupata mshipa wa mtoto mchanga saa tisa usiku si mchezo.

Usingizi_Kisumu

Hapana, kaka. Hilo limewaponza wengi wenye nia njema.

Damu hupita, lakini hujui ni kiasi gani wala inaelekea upande upi. Kwa wengine mishipa ya ini imefungamana na dawa hufika kwa mwenzake baada ya dakika chache. Kwa wengine ni uzi tu wa damu. Ukimpa mmoja jentamisini ya wawili, anaweza kubaki nayo yote, figo zake zilipe, na mwenzake akae bila kinga. Mtiririko wenyewe hugeuka: shinikizo la mmoja likishuka, damu ya mwenzake humwendea. Ukiinua upande mmoja wa meza, vilevile. Basi dozi kamili kwa kila mmoja kwa dawa za wodini, dripu mbili, na mshipa ukikataa, kisiki kile cha kitovu alichosema Nasari.

Dawa za kutuliza na za maumivu ndizo za kuogopwa zaidi. Hapo anza na nusu dozi kwa mmoja, subiri, mwangalie mwenzake. Akisinzia naye, umejua una nini mkononi.

FundiPicha_Eldoret

Nijazie upande wa vipimo, kwa sababu watu hutuma ombi la "skani" bila kusema wanatafuta nini.

Eko ya moyo kwanza. Pamoja nayo, kipimo cha umeme wa moyo kwa kila mtoto kwa wakati mmoja. Ukiona mawimbi mawili yanayokwenda kila moja kwa mwendo wake, ni dalili njema, ingawa bado chemba za juu zinaweza kuwa na mlango kati yao. Ukiona wimbi moja linalopiga kwa wote wawili, shuku ventrikali zilizoshikana. Kipimo hiki kinafanyika hospitali yoyote ya kaunti na hakihitaji safari.

Ultrasaundi ya tumbo ndiyo ya pili: maini yameshikana kwa upana gani, vena za ini za kila mtoto zinamwaga kwa moyo wake au zinavuka, na vibofu vya nyongo ni vingapi. Viwili ni faraja, si uthibitisho. Kinachotisha ni duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba) iliyoungana, kwa sababu njia ya nyongo hufuata duodeni, na duodeni ikiwa moja huenda mrija wa nyongo nao ni mmoja. Kwa hilo, dawa ya kuonekana kwenye eksirei inapitishwa kwa mdomo wa mmoja tu, unafuata inakoenda. Ikitokea kwenye utumbo wa mwenzake, andika kwa herufi kubwa.

Siti skani ya mishipa inataka akili kidogo. Dawa inadungwa kwa mtoto mmoja, picha zinapigwa, kisha unangoja angalau saa 24 ndipo unarudia kwa wa pili. Ukidunga wote siku moja, mishipa yote inawaka na huwezi kusema ipi ya nani. Dozi ya kawaida ni mililita 2 kwa kilo, kwa uzito wa mmoja. Tazama pia figo za yule ambaye hakudungwa: zikiwaka mapema, mzunguko wa pamoja ni mkubwa, na mwambie mtu wa usingizi kwa mdomo wako mwenyewe, usimwachie ripoti.

Walioungana matakoni ndio wanaohitaji MRI ya uti wa mgongo. Kwa wa tumboni, MRI ni nyongeza. Usiwasafirishe kwa ajili yake pekee.

Sista_Butere

Asanteni sana. Daktari, naomba sasa utuingize thieta kidogo. Jamaa huuliza "watakata vipi?" na ningependa muuguzi awe na maneno ya kujibu.

Daktari_Ziwani

Kwa omfalopagasi wa kawaida, sawa.

Siku kadhaa kabla, timu hufanya mazoezi kwa wanasesere wawili waliofungwa plasta tumbo kwa tumbo. Inaonekana mchezo wa chekechea, lakini hapo ndipo hugundulika kwamba kebo ya mashine ya mtoto wa buluu haifiki, au kwamba wakigeuzwa mrija wa mwekundu unapita chini ya mgongo wa mwenzake. Timu ni mbili kamili, na meza ya pili iko tayari pembeni.

Watoto huoshwa mzunguko mzima, mbele na nyuma, kwa sababu watageuzwa katikati ya kazi. Mstari wa kukata huchorwa kabla, mara nyingi kwa mkunjo kama herufi S badala ya mstari ulionyooka, ili kila mmoja apate ulimi wa ngozi wa kufunikia pale mwenzake alipomegwa. Tunaingia upande wa mbele. Kwanza tunakagua utumbo, maana ukiwa wa pamoja mpango wote unabadilika. Halafu daraja la gegedu chini ya kidari, ambalo hukatika kwa urahisi, kisha kiwambo, na mfuko wa moyo ukiwa mmoja unafunguliwa hapo.

Ini linakuja baadaye. Ultrasaundi inawekwa juu yake moja kwa moja kutafuta mstari wenye mishipa michache. Nyama ya ini inapondwa polepole kwa kibanio au kwa vidole. Nyama husagika, mishipa na mirija hubaki ikionekana kama nyuzi, na kila uzi unafungwa kabla ya kukatwa. Kisu cha umeme husaidia kwa matone, si kwa mishipa mikubwa. Ukimaliza, weka gozi nyeupe kavu juu ya uso uliokatwa, ngoja dakika chache, uiangalie. Doa la manjano ni nyongo inayovuja, na ni afadhali ulione hapo kuliko siku ya tano kwenye homa.

Ngozi ya nyuma hukatwa mwisho. Mmoja anabebwa kwenda meza ya pili, nguo mpya za thieta, glovu mpya, na timu zinaachana.

Kufunga ndiko kunakochukua busara. Mtu wa usingizi anatazama shinikizo la kupumulia tunapovuta kingo pamoja. Likipanda, tunaachia. Bora kuweka wavu au kipande cha kuziba kwa muda, tukarudi baada ya siku kadhaa, kuliko kulazimisha. Wodini, mkojo chini ya mililita 1 kwa kilo kwa saa na tumbo gumu ni simu kwa daktari usiku huohuo. Wavu nao una balaa lake: usaha ukiingia chini yake, jeraha linafumuka.

Walioungana matakoni ni kazi ya namna nyingine. Wanalazwa kifudifudi, mfuko wa maji ya uti wa mgongo unaweza kuwa wa pamoja, na kila uzi wa neva unajaribiwa kwa umeme mdogo kujua ni wa nani kabla ya kukatwa. Tundu la haja kubwa likiwa moja, hutengenezwa njia ya choo tumboni kwanza. Baadaye kuna kuvuja kwa maji ya uti, na kibofu kisichojua kubana wala kuachia. Hao mtakuwa nao kliniki kwa miaka.

Na kuna wasiotenganishwa. Maria na Consolata wa Tanzania waliishi hivyo hadi miaka 21, wakasoma hadi chuo kikuu, wakafariki Iringa Juni 2018. Jamaa wakiambiwa mioyo imeshikana, wasitolewe wodini kama walioshindwa mtihani. Wanahitaji mpango wa kulisha, wa maumivu, na mtu wa kukaa nao.

Usingizi_Kisumu

Niongeze mawili ya upande wangu, kwa kuwa ndiyo huangusha siku yenyewe.

Damu. Tuseme wamefika kilo 11 pamoja, kila mmoja 5.5. Kwa mililita 80 kwa kilo, kila mtoto ana karibu 440 tu mwilini, pungufu ya chupa ya soda ya nusu lita. Asilimia kumi ni mililita 44. Gozi ndogo nne au tano zilizolowa zimeimaliza. Ndiyo maana kila gozi hupimwa kwenye mizani kabla ya kutupwa, gramu moja ikihesabiwa mililita moja, na ndoo ni mbili, nyekundu na buluu. Kabla ya siku hiyo, kituo cha damu cha Kisumu au Eldoret kiwe kimeahidi damu ya kutosha kuwajaza wote wawili upya angalau mara moja, na iwe mbichi, kwa sababu damu iliyokaa wiki kadhaa ina potasiamu nyingi na ikiingia kwa kasi inasimamisha moyo wa mtoto. Kalsiamu ikae karibu.

La pili ni dakika ya kuachana. Hadi hapo mmoja huenda alikuwa anabebwa na mwenzake bila mtu kujua. Mrija wa damu ukifungwa, huyu shinikizo linapanda, yule linaanguka. Ukimjaza maji na adrenalini na bado halisimami, fikiria tezi za adrenali, zile zilizo juu ya figo: inatokea kwamba mmoja alikuwa akiishi kwa homoni za mwenzake. Haidrokotisoni miligramu 1 hadi 2 kwa kilo imewainua watoto waliokuwa hawaelezeki.

Na kuhusu kuwaweka mirija ya kupumulia: mmoja mmoja. Dawa ya kulegeza misuli haitolewi kwa yeyote hadi wote wawili wawe na mirija, kwa sababu anayelegezwa wa kwanza anaweza kumlegeza wa pili akiwa hana njia ya hewa.

Mkunga_Nakuru

Mmemsahau mama.

Picha nzuri ya wiki 12 inaweza kuwaonyesha, na ya wiki 20 inaweza kusema wameungana wapi. Mpiga picha asipoona utando kati ya mapacha, aulize swali la pili: je, hawa wanageuka kila mmoja kivyake? Vichwa vikiwa usawa mmoja siku zote, migongo imepinda nyuma, na ngozi haiachani hata mama akigeuzwa, mama apelekwe kwa mtaalamu kabla tumbo halijawa kubwa. Maji mengi kupita kiasi huandamana nao mara kwa mara na huleta uchungu mapema. Ikionekana atajifungua kabla ya wiki 34, deksamethasoni miligramu 6 kwa sindano kila saa 12, mara nne.

Wakifikia umri wa kuishi, ni upasuaji wa kupanga, kwa kawaida wiki 35 hadi 37, na kizazi kikatwe wima. Mkato wa kawaida wa kukingama chini ya kizazi hauwapitishi wawili walioshikana. Mtoa mtoto hukwama na kiwiliwili cha wa pili, huvuta, na daraja au ini hupasuka. Mkato wa wima una deni lake: mama huyo asijaribu tena kujifungua kwa njia ya kawaida mimba ijayo, na liandikwe kwenye kijitabu chake kwa wino, si kwenye kumbukumbu ya daktari.

Nyando_CO

Na yule mtoto anayezaliwa na miguu ya ziada tumboni, bila kichwa cha pili, anaingia humu?

Daktari_Ziwani

Anaingia, na kwake mambo ni mepesi zaidi. Huyo ni pacha asiyekamilika: hana moyo wake, analishwa na mishipa ya mwenzake, na mara nyingi ameshikana juu kidogo ya kitovu. Hakuna dharura kama ngozi ni nzima. Mpimeni moyo mtoto mwenyewe, kwa kuwa kasoro za moyo huandamana nao, na angalieni kama pana kifuko cha matumbo pembeni. Siti skani inatafuta mshipa unaolisha. Ukipatikana na kufungwa kwanza, kilichobaki hutoka kwa damu kidogo.

Sista_Butere

La mwisho, ninyi mnaojua barabara. Kutoka Kakamega hadi Hospitali ya Rufaa ya Moi Eldoret kwa Chavakali na Kapsabet, oksijeni ya ambulensi tupige hesabu vipi kwa watoto wawili?

Nasari_Kakamega

Lita 1 kwa dakika kwa kila mmoja ni lita 120 kwa saa kwa wote wawili. Wekeni saa 3 hata kama dereva anasema mbili: 360. Zidisheni mara mbili kwa ajili ya kukwama au pancha: 720. Mtungi wa saizi E ukijaa una karibu lita 680, kwa hivyo mmoja hautoshi. Bebeni miwili, na someni geji kabla ya kutoka getini. Vipulizio viwili vya mkono vyenye maski ndogo, na mtu wa pili nyuma pamoja na muuguzi, kwa sababu wote wakiacha kupumua kwa pamoja mikono miwili haitoshi. Mama asafiri nao kama anaweza kukaa. Kama bado amelazwa, maziwa yake yaende, na sampuli yake ya damu iende pia kwa ajili ya kupatanisha makundi. Mpigie daktari wa upasuaji wa watoto kabla injini haijawashwa, umpe mambo manne: uzito wa pamoja, mawimbi ya umeme wa moyo ni moja au mawili, ngozi ni nzima au imechanika, na oksimita zote mbili zinasoma ngapi.